Mawe ya Figo: Maswali Kuhusu Mionzi ya Theata

Kwa nini nipigwe eksirei nikiwa natolewa jiwe?

Daktari hupitisha waya, kamera nyembamba na stenti (kimrija kinachoachwa ndani ili mkojo upite) ndani ya ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Ili ajue waya umefika wapi, hutazama picha za eksirei kwenye skrini. Mionzi hutoka akikanyaga pedali tu. Akiinua mguu, hukatika.

Itaniletea saratani?

Kwa upasuaji mmoja, hatari ni ndogo sana. Jiwe lililoziba ureta huku mkojo una maambukizi ndilo la kuogopwa: linaweza kuharibu figo, hata kuua. Usiahirishe matibabu kwa hofu ya mionzi.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mawe hurudi, na kila yakirudi mgonjwa hupigwa CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kwa vipande. CT ya kawaida ya tumbo na nyonga hutoa takribani milisiveti 10 (milisiveti ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi mwilini), ilhali mionzi ya asili, ya ardhini, hewani na angani, ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani. Hapa Nairobi mtu hupigwa CT kwenye kliniki ya mtaani, kisha anafika hospitali ya rufaa mikono mitupu na kupigwa nyingine. Tafadhali, chukua CD na ripoti yako, uzitunze pamoja na kadi zako za kliniki. Uliza pia kama CT ya dozi ndogo inafaa. Mara nyingi inatosha kuonyesha jiwe, ingawa kwa mtu mnene sana huenda isionyeshe vizuri. Ufuatiliaji mwingi unaweza kufanywa kwa ultrasound, ambayo haina mionzi kabisa.

Daktari anaweza kupunguza vipi?

Kwa mengi, na hayahitaji mashine mpya. Hukanyaga pedali kwa muda mfupi, hutumia picha chache kwa sekunde, na hubakiza picha ya mwisho kwenye skrini aitazame bila kuongeza mionzi. Hubana mwale uangaze sehemu ya jiwe peke yake, na husogeza kipokea picha, sehemu ya mashine inayopokea mionzi iliyopita mwilini, karibu na mwili wako. Jiwe kubwa likitolewa kupitia mgongoni, figo inaweza kudungwa kwa kuongozwa na ultrasound.

Mbona daktari na wenzake wa theata wanavaa aproni nzito?

Kwa sababu wako humo kila siku. Aproni yenye madini ya risasi, kinga ya shingoni na beji ya kupimia mionzi ni haki yao. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Akisimama mbali mara mbili, mionzi hupungua hadi takriban robo. Mgonjwa hawekewi kikomo cha namna hiyo. Kila picha yake lazima iwe na sababu. Una haki ya kuiuliza.

Nikiwa mjamzito?

Sema mapema, hata kama ni kushuku tu. Kipimo cha kwanza ni ultrasound, na stenti inaweza kuwekwa kwa kuongozwa nayo.