Si Chaja Inayokula Umeme Wako

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja nimepokewa mlangoni kwa maneno yale yale: "Fundi, mita hii lazima ina kasoro, maana sisi hapa tunachomoa chaja zote kabla ya kulala." Safari hii aliyeyasema ni mama mwangalifu, anayeandika namba za mita kwenye daftari kila Jumapili. Tulipokuwa tukizungumza, shawa ya umeme ilikuwa ikivuma bafuni, na ilikuwa bado inavuma nilipokwisha kufungua kisanduku cha breka, kukagua nyaya zake na kukifunga. Sina neno na mama huyo, kwa kuwa alitenda kwa uaminifu kile alichofundishwa. Nina neno na fundisho lenyewe, ambalo karibu kila anayetoa ushauri wa kubana matumizi huliweka mbele ya mengine yote, na ambalo limewafanya watu wema wapoteze miaka wakilinda senti huku fedha yenyewe ikitokea mlango wa pili.

Tuanze na mita, kwa sababu mita haimpendelei mtu. Mita nyingi za kielektroniki zina kitaa kidogo chekundu kinachomweka, na karibu nacho pameandikwa idadi ya mimweko inayokamilisha uniti moja, yaani umeme wa wati 1,000 kwa saa nzima. Mara nyingi idadi hiyo ni 1,000, ingawa ziko mita za 1,600 na za 3,200. Hapa nitatumia 1,000. Ukitaka kujua nyumba inavuta wati ngapi kwa wakati huo, hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Kitaa kikimweka kila baada ya sekunde 36, nyumba inavuta wati 100. Shawa ya wati 5,500 hukifanya kimweke zaidi ya mara moja kwa sekunde. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu, ikiwa inafuata kiwango ambacho Umoja wa Ulaya ulianza kukidai Aprili 2020, haivuti zaidi ya wati 0.1, na kwa mvuto huo kitaa kitahitaji saa 10 ili kimweke mara moja tu. Kwa mwaka mzima chaja hiyo haifikishi hata uniti 0.9. Shawa ile hulamba uniti 0.9 kwa dakika 10.

Najua nitajibiwa kwamba chaja nyingi zinazouzwa rahisi hazifuati kiwango hicho. Ni kweli, basi tuzidishe mara tano na kuipa chaja wati 0.5. Kwa mwaka itakula uniti 4.4, ambazo ni dakika 48 za shawa hiyo. Chaja mbovu inaweza kupata moto kupita kiasi, na hiyo ni sababu nzuri sana ya kuichomoa. Mimi mwenyewe huwahimiza watu wafanye hivyo kwa ajili ya usalama. Ninachokataa ni kuiita hatua hiyo akiba. Mtu aliyezunguka vyumba vyote akichomoa chaja huhisi kwamba wajibu wake wa siku umekwisha, na hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu hatarudi tena kuuliza habari za bafuni.

Lakini nisije nikamsukuma mtu kutoka kosa moja hadi lingine. Visanduku vinavyoungwa kwenye televisheni, hasa vya zamani, huweza kuvuta wati 10 au zaidi hata vikiwa vimezimwa kwa rimoti, na wati 10 mfululizo kwa mwaka ni karibu uniti 88. Utavitambuaje bila kipimo? Weka kiganja juu yake asubuhi, kabla hakijawashwa. Umeme wote ambao kifaa kama hicho hutumia huishia kuwa joto, kwa hiyo kisanduku chenye uvuguvugu asubuhi kimekesha kikila uniti zako, ilhali chaja iliyo baridi kama ukuta ilioegemea haina ilichokula cha kutajwa. Kiganja hakiwezi kuhisi wati 0.1, nawe huna sababu ya kuzihangaikia.

Sasa hapo kwenye joto ndipo palipo na bili. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji takriban jouli 4,186, na hakuna hila ya kiufundi itakayopunguza kiasi hicho. Ndoo ya lita 20 iliyotoka nyuzi 20 kufika nyuzi 40 imekula karibu uniti 0.47 hata kama hakuna joto lililopotea njiani. Umeme huo ungewasha balbu ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 50. Kwa hiyo ninapomsikia mzazi akimgombeza mtoto kwa kusahau taa ya korido, ilhali kila mwana nyumba anaoga kwa robo saa, natamani angegeuza mpangilio wa makaripio yake.

Kwenye shawa kuna jambo ambalo hata wauzaji wa vichwa vya shawa hawalielezi vizuri, nami nimechoka kulirekebisha. Wanasema punguza maji, utapunguza umeme. Kwa maji yanayotoka kwenye tangi lililokwisha kupashwa moto kauli hiyo ni sahihi kabisa, kwa sababu kila lita usiyoitumia ni lita isiyohitaji kupashwa tena. Kwa shawa inayopasha maji papo hapo kauli hiyo ni nusu tu ya ukweli. Elementi, yaani kile kipande kinachopasha maji, ikiwa ya wati 5,500 huvuta wati 5,500 upendavyo usipendavyo, maadamu swichi yake iko palepale. Maji yakipita lita 6 kwa dakika yatapanda nyuzi 13. Ukikaza bomba yapite lita 3, yatapanda nyuzi 26, lakini mita itaendelea kukimbia kwa kasi ile ile. Faida utaipata pale tu utakapokaza bomba kisha ukarudisha swichi ya shawa kwenye ngazi ya chini, au utakapotoka mapema. Mtu anayekaza bomba bila kugusa swichi amepunguza bili ya maji peke yake. Zipo shawa chache zinazojirekebisha zenyewe kwa kupima joto la maji. Kama yako ni ya aina hiyo, aya hii haikuhusu.

Ipo pia hesabu ya haraka ambayo huwapotosha wale waliokwisha kuelewa wati. Wanasoma kwenye pasi kwamba ni wati 2,000, wanazidisha kwa saa walizopiga pasi, wanaogopa. Pasi ina termostati, hukata na kurudi, na haivuti wati zote hizo muda wote. Friji nayo ni vivyo hivyo: kompresa, yaani mota inayoendesha upozaji, hufanya kazi kwa vipindi. Namba ya wati iliyobandikwa kwenye kifaa ni kilele cha mvuto wake, na haikuambii kifaa kimekula kiasi gani mpaka ujue kilivuta kwa muda gani.

Friji inanipeleka kwenye swali ninaloulizwa kuliko yote: je, niizime usiku? Na hapa ninalazimika kukiri jambo kuhusu sisi mafundi. Tumezoea kujibu kwamba ukiizima utatumia umeme mwingi zaidi asubuhi inapoanza kupoza upya. Jibu hilo si sahihi. Joto huingia ndani ya friji kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya chumba na ndani yake. Chumba kikiwa na nyuzi 28 na ndani nyuzi 4, tofauti ni 24. Ndani ikipanda hadi nyuzi 10, tofauti imeshuka kuwa 18, na joto linaloingia limepungua kwa robo. Kwa kanuni hiyo kuna akiba, hata kama ni ndogo. Ni ndogo kiasi gani? Tuchukulie kwa ukarimu kwamba kwa saa 6 zote za usiku mwingilio wa joto ulikuwa umepungua kwa robo: umeokoa robo ya robo ya matumizi ya siku, yaani takriban asilimia 6. Kwa friji inayokula uniti 1 kwa siku, hizo ni sekunde 41 za shawa. Badala yake umeviacha vyakula kwenye joto la zaidi ya nyuzi 5, ambako bakteria huanza kuongezeka kwa kasi. Ndiyo maana nasema usiizime, lakini ningependa tutoe sababu ya kweli, ambayo ni chakula. Tukitoa sababu ya uongo, siku mtu atakapopima mwenyewe hatatuamini tena katika jambo lolote.

Kanuni hiyo hiyo inatoa hukumu tofauti kwa tangi la maji moto. Wako wanaoapa kwamba kuliacha limewashwa mchana na usiku ni nafuu kuliko kuliwasha na kulizima, eti kwa sababu kuwasha ndiko kunakokula. Hapana. Tangi la moto hupoteza joto kila dakika, na kadiri linavyopoa ndivyo hasara hiyo inavyopungua. Likiwa limezimwa kwa saa nyingi, lazima jumla ya hasara iwe ndogo. Kuhusu mshtuko wa kuwasha, kompresa ya friji huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake inapoanza, lakini kwa muda usiofika hata sekunde moja, na elementi ya tangi haina mshtuko wowote wa kutajwa. Mita hupima wati pamoja na muda, na muda huo mfupi hautoshi hata kwa mmweko mmoja.

Mahali ninaposita ni kwenye kiwango cha joto la tangi hilo. Miongozo ya kubana bili inashauri uliteremshe hadi nyuzi 50 au chini yake, na kwa hesabu ya umeme inasema kweli. Miongozo ya afya inataka maji yahifadhiwe kwenye nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi katika uvuguvugu wa kati ya nyuzi 25 na 45, na tangi linalowashwa na kuzimwa hovyo hupitia uvuguvugu huo kila siku. Nimewashauri wateja kwa namna zote mbili katika miaka tofauti. Siku hizi naegemea upande wa kulipasha mara moja kwa siku hadi nyuzi 60, muda mfupi kabla ya familia kuoga, kisha kulizima, na sifurahi ninapoona ushauri wa kuteremsha joto ukitolewa bila neno hata moja juu ya hatari hiyo.

Vile visanduku vinavyochomekwa kwenye soketi na kutangazwa kwamba vinapunguza bili kwa nusu, nitavimaliza kwa sentensi moja: ndani yake kwa kawaida kuna kapasita (kipande kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi) na taa, mita ya nyumbani hupima wati halisi ambazo kapasita haizigusi, na taa hiyo inaongeza matumizi yako.

Narudi kwa yule mama. Shawa ilipozimwa, tuliondoa vifaa vyote vilivyoonekana, na kitaa cha mita kikaendelea kumweka kila baada ya sekunde mbili na nusu hivi, yaani karibu wati 1,500. Nilishusha breka moja moja hadi kitaa kilipotulia: ilikuwa ya tangi dogo la maji moto la jikoni. Bomba la moto la sinki lilikuwa likitoa mchirizi mwembamba kama uzi, nasi tukaukinga kwa kikombe cha mililita 250 kilichojaa kwa dakika mbili na nusu. Huo ni mchirizi wa lita 144 kwa siku, ambazo tangi lilizitoa nyuzi 20 na kuzifikisha nyuzi 60 ili zishuke kwenye bomba la majitaka, kwa gharama ya karibu uniti 6.7 kila siku, ambazo chaja yake isingezimaliza kwa miaka saba. Nilibadilisha raba ya bomba, tukarudi pamoja kwenye mita, naye akahesabu sekunde mwenyewe.