Sonona na mazoezi ya Kibudha: nani yanamfaa, na nani asubiri kwanza

Maswali kuhusu tafakuri ya Kibudha kama msaada kwa wenye sonona yameongezeka miongoni mwa Waswahili wanaoishi Uingereza, mengi yakitoka kwa watu walioanza na programu za simu. Maelezo haya yanahusu huduma za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, za England pekee. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Kozi inayotolewa huitwa kwa kifupi MBCT, yaani tiba ya kubadili namna ya kuyatazama mawazo kwa kutumia tafakuri. Waasisi wake ni Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliojenga juu ya kozi aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979. Wapo wanaouliza kama kozi hii inamtaka mtu abadili dini. Haimtaki: haina sanamu, ubani wala kiapo. Mwislamu ataendelea na swala zake, Mkristo na ibada zake. Swali la kubadili dini tumelijibu vya kutosha, na tungependa nguvu zihamie kwenye maswali ya maana zaidi.

Lililochukuliwa kwa Budha ni fundisho la mishale miwili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni ule tunaojichoma kwa mawazo. Aliyewahi kuugua sonona akiamka amechoka, uchovu ni mshale wa kwanza. “Imeanza tena, mimi sifai, kazi nitaipoteza” ni wa pili, na mara nyingi ndio unaomlaza kitandani wiki nzima. Kozi humzoeza kuliona wazo kuwa ni wazo tu, si taarifa ya hali halisi.

Vikao ni 8, kimoja kwa wiki, takribani saa 2 kila kimoja, katika kundi la watu 8 hadi 15. Kikao cha kwanza huanza na zabibu kavu moja: unaitazama mikunjo yake, unaipapasa, unainusa, unaiweka mdomoni bila kuitafuna, kisha unatafuna polepole. Wapo wanaocheka. Wacheke, lakini waifanye. Hufuata ukaguzi wa mwili, ukiwa umelala chali na kupeleka akili kuanzia vidole vya mguu hadi kichwani, kwa zaidi ya nusu saa. Ukisinzia, keti na ufumbue macho. Baadaye huja zoezi la dakika 3: dakika ya kwanza unatambua mawazo na hisia zilizopo, ya pili unafuata pumzi tu, ya tatu unapanua usikivu hadi mwili mzima.

Wengi huharibikiwa hapo. Wanalitumia zoezi kama dawa ya kufukuzia huzuni. Huzuni isipoondoka wanahesabu wameshindwa, na mshale wa pili unaingia. Wengine hujaribu kuifanya akili iwe tupu. Haiwi. Akili ikizurura, kazi yako ni kuona imekwenda wapi na kuirudisha, hata mara mia. Mazoezi ya nyumbani katika mpango wa awali ni kama dakika 45 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na anayehudhuria vikao bila kufanya haya asitarajie makubwa.

Kozi inawafaa hasa waliopata nafuu na wanaotaka isirudi. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu England, unaitaja pia kwa sonona isiyo kali. Aliye katika sonona kali, asiyeweza hata kufuata mazungumzo, atibiwe kwanza. Kumpeleka kwenye kozi ya kimya ya siku 10 ni kosa. Aliyepitia vita au ukatili amweleze mwalimu mapema: kufumba macho kunaweza kurudisha matukio, hivyo afanye macho wazi, nyayo zikiwa sakafuni, na asitishe zoezi endapo picha za matukio hayo zitamzidi.

Kuhusu vidonge vya sonona, utafiti wa England wa mwaka 2015 uliwafuatilia watu 424 kwa miezi 24. Sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliopewa MBCT pamoja na msaada wa kupunguza dawa, na asilimia 47 ya walioendelea na dawa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kozi imezishinda dawa. Usiache dawa ghafla: kizunguzungu, kukosa usingizi na hisia kama za umeme kichwani hutokea. GP, yaani daktari wako wa kawaida, hupunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki au miezi.

Ndugu nao wana lao. Budha aliweka masharti matano ya kauli njema: iwe ya wakati wake, ya kweli, ya upole, ya manufaa, itoke kwenye moyo wa mapenzi mema. “Jikaze, wenzio wana shida kubwa kuliko zako” inafeli angalau matatu. “Nimekuletea uji, nitakaa hapa kidogo” inapita yote.

Taratibu. Mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma ya tiba ya mazungumzo, bila barua ya GP. Utajaza fomu ya maswali 9 inayopima ukali wa sonona, alama 0 hadi 27. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu ukweli, halipo kwa ajili ya kukushitaki. Kukosa miadi bila taarifa kunaweza kukuondoa kwenye orodha, na kanuni hutofautiana kati ya huduma na huduma. Sonona ikiathiri uwezo wako wa kuendesha gari kwa usalama, lazima uiarifu DVLA, mamlaka ya leseni za udereva. Faini ya kutoarifu hufikia pauni 1,000. Mawazo ya kujiua yakizidi, piga 111 na uchague huduma ya afya ya akili; maisha yakiwa hatarini sasa hivi, 999.

Mkalimani wa Kiswahili ombeni siku ya kupanga miadi, si mlangoni. Ni bure, na msimlete mtoto akalimani.