Betri Inayoisha Kila Mara Si Lazima Iwe Mbovu

Hapa Tabora, mwenye Mercedes-Benz W126, gari la kifahari lililoundwa kuanzia 1979 na ambalo bado hupendwa kwa kubebea maharusi, likigoma kuwaka asubuhi hukimbilia kununua betri mpya, akiamini kwamba kosa ni la betri. Mara nyingi sivyo, na fedha hupotea bure. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6; injini ikiunguruma, alternata, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri, huipandisha hadi karibu 14. Isipopanda, kagua mkanda, brashi za alternata, na hasa ule waya wa hasi ulioshikizwa kwenye bodi, ambao kutu yake hujificha chini ya bolti mpaka uifungue na kuikwangua.

Chaji ikiwa sawa, basi umeme unavuja gari likiwa limezimwa. Funga milango yote, chomoa waya wa hasi, unganisha kipimo cha ampea kati yake na betri, bila kuwasha gari kwa kuwa kipimo kitaungua, kisha chomoa fyuzi mojamoja. Fyuzi itakayoshusha kipimo chini ya miliampea 50 ndiyo inayoonyesha njia yenye hitilafu. Aghalabu ni taa ya buti (sehemu ya mizigo nyuma ya gari) isiyozimika au redio iliyofungwa baadaye.