Albamu ya vibao bora ni nini, na kwa nini wimbo unaoutaka huenda haumo

Albamu ya vibao bora ni mkusanyiko wa nyimbo za mwimbaji mmoja, au bendi moja, zilizokwisha kutoka na kutamba, kisha zikauzwa pamoja kama kazi moja. Mara nyingi huwa 12 hadi 20. Idadi hiyo ilipangwa na chombo chenyewe: CD ya kawaida hubeba dakika 74 hadi 80, na wimbo wa pop huchukua dakika tatu hadi nne na ushee.

Ukifika kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo Mtwara mjini ukasema "nijazie Celine Dion zote kali", kijana atakurushia folda kwenye flashi. Folda hiyo si albamu ya vibao bora, hata kama ndivyo ilivyoandikwa. Zilizopendwa za redioni nazo ni jambo jingine, kwa sababu zile ni nyimbo za zama fulani, za bendi chungu nzima. Miksi ya DJ ndiyo iko mbali kabisa: faili moja ndefu, nyimbo zimekatwa katikati, na sauti ya DJ inajitangaza juu ya kiitikio.

Jambo la kwanza la kutazama kwenye jalada ni miaka. Mkusanyiko wa bendi ya Eagles ya Marekani, wa nyimbo za 1971 hadi 1975, ni miongoni mwa albamu zilizouzwa kuliko zote nchini mwao. Mtu ananunua, anausaka Hotel California, hauoni, anamgeukia muuzaji kwamba kapunjwa. Hajapunjwa. Mkusanyiko ulitoka Februari 1976, na albamu yenye wimbo huo ikatoka Desemba mwaka huohuo. Vibao bora huwa ni vibao mpaka siku fulani, basi.

La pili ni nani kauchagua. Mwenye masta, yaani rekodi mama, ndiye mwenye uamuzi, na mara nyingi huyo ni lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, si mwimbaji. Lebo inaipenda kazi hii kwa sababu gharama za studio zilishalipwa zamani. Kilichobaki ni kuchagua, kusawazisha sauti na kuchapa jalada. Ndiyo maana mikusanyiko mingi hutoka pale mkataba unapokaribia kwisha au mwimbaji anapokawia kutoa kazi mpya. Na kama alihama lebo katikati ya safari, nyimbo za kule alikohamia hazitakuwemo mpaka lebo hizo mbili zielewane.

Hapo ndipo pana mtego. Zipo CD za bei poa ambazo mwimbaji ameziimba upya nyimbo zake za zamani kwa kampuni nyingine, kwa kuwa masta za awali si zake. Sura kwenye jalada ni ileile, ila sauti imezeeka na ngoma ni za kinanda. Taylor Swift alipoanza kutoa albamu zake alizozirekodi upya mwaka 2021 aliliandika hilo waziwazi kwenye majina ya nyimbo. Wengine huliandika kwa herufi za kusomea kwa kurunzi. Linganisha urefu wa wimbo na ule wa awali. Ukipishana kwa sekunde 20 au 30, huo ni mwingine: umeimbwa upya, au ni laivu, au umefupishwa kwa ajili ya redio. Hata majina makubwa hayajasalimika. Mkusanyiko wa Whitney Houston wa mwaka 2000 una diski mbili, na ile ya nyimbo za kuchezeka imejaa rimiksi kuliko nyimbo kama zilivyotoka.

Nyimbo mpya huongezwa ili aliye na albamu zote apate sababu ya kununua tena. Madonna mwaka 1990 aliweka nyimbo 17, mbili zikiwa mpya, kiasi cha kuridhisha. Celine Dion mwaka 1999 aliweka 16, mpya saba. Hapo mtu ana haki ya kuuliza kama kweli kanunua vibao.

Kama unajitengenezea mkusanyiko wako wa kusikiliza garini kati ya Mtwara na Newala, fomati flashi kwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga faili kwenye flashi, maana redio nyingi za gari hazisomi mfumo mwingine. Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, redio nyingine itacheza namba 10 kabla ya 2. Kopi moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaoutaka, kwa kuwa zipo redio zinazofuata mpangilio wa kukopiwa. Kumbuka pia kwamba nyimbo za miaka ya 1980 zilirekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za miaka ya 2000: dereva anaongeza, wimbo unaofuata unalipuka, abiria wanaziba masikio. Programu ya kusawazisha sauti huondoa adha hiyo. Ukianza kuuza mkusanyiko huo, hilo ni suala la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mlango wa kubisha ni wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.