Kukaa na paka hosteli ili akutulize roho: maswali ya wanafunzi

Swali: Paka wangu ananisaidia sana nikishikwa na wasiwasi. Daktari akiniandikia barua, hosteli lazima wanikubalie?

Hapana. Hiyo barua mnayoiona intaneti ni ya Marekani, kule kuna sheria ya makazi, Fair Housing Act, inagusa mpaka mabweni ya chuo, mwanafunzi ambae tatizo lake la akili linahesabika ni ulemavu akileta barua ya mtaalamu anaemtibu basi chuo hakiwezi kumkatalia hivi hivi eti kanuni zinakataza wanyama. Sheria hiyo haifiki Kikoni, hapa kwenye hosteli zetu za Kampala. Huku soma masharti uliyosaini ulipolipia chumba, halafu muone kastodiani, yule msimamizi wa hosteli, kabla paka hajaingia, barua itakusaidia kumuelewesha tu. Na zile saiti zinazouza cheti cha mnyama kwa dola achana nazo, hata hukohuko Marekani cheti peke yake hakitoshi.

Swali: Kweli anasaidia au ni deko tu?

Anasaidia kiasi. Mwaka 2019 Washington State University walitoa utafiti wa wanafunzi 249, waliopapasa paka na mbwa kwa dakika 10 tu homoni ya stresi kwenye mate yao ilikuwa chini kuliko wenzao ambao hawakuwagusa. Ila hiyo sio tiba ya sonona jamani. Kama wiki mbili hulali, huli, au unawaza kujidhuru, ongea na mtu leo, Makerere wana washauri wao, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika ipo, wala sio lazima ulazwe, watu wanatibiwa na kurudi kwao.

Swali: Rumeti ana pumu, nifanyeje?

Kinachomsumbua sio manyoya yenyewe, ni protini za kwenye mate na ngozi ya paka, zinaganda kwenye blanketi na godoro, unafagia na bado zipo, usiku kifua kinambana. Mimi hapa sina huruma: kama paka anamchokoza pumu, paka ahame.

Swali: Na magonjwa mengine?

Beseni la mchanga toa kinyesi kila siku, kinaweza kuwa na vijidudu vya tokso, ugonjwa wa paka unaompata mtu na unaweza kudhuru mimba, na vinachukua siku 1 mpaka 5 kabla havijaanza kuambukiza. Mjamzito asiliguse. Nyama pika, usimpe mbichi. Mukene, yaani dagaa, ni sawa ila jueni harufu yake kwenye chumba cha watu wawili, hapo ndio ugomvi huanza.

Kikubwa ni kichaa cha mbwa, paka nae anakipata na akakuambukiza. Achanjwe akifika miezi 3, kisha urudie kama daktari wa mifugo atakavyokupangia. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, panda boda uende hospitali siku hiyohiyo ukaulize chanjo, usikae kungoja dalili maana zikishaanza karibu hakuna anaepona.

Swali: Likizo je?

Kama kwenu Mbale wanamtaka, muweke kwenye boksi lenye matundu na uongee na kondakta kabla hujakata tiketi. Kama hawamtaki na hosteli inafungwa, bora usifuge wako, uwe unaenda kucheza na paka wa jirani.