Collegium Musicum: Haydn kwenye ogani ya umeme

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bendi kadhaa za roki huko Ulaya zilianza kuchomeka vipande vya watunzi wa zamani kama Bach na Mozart katikati ya nyimbo zao. Mara nyingi yalikuwa mapambo tu: kipande kifupi cha ogani, kisha gitaa linarudi na wimbo unaendelea na safari yake. Mimi ni mpiga kinanda na nafundisha upangaji wa muziki. Wanafunzi wakiniuliza ni nani aliyefanya jambo hili kwa kina, jibu langu ni Marián Varga na bendi yake ya Bratislava, Collegium Musicum. Varga hakupamba. Alichukua mahadhi ya mtunzi wa zamani akayavunja, akayageuza, akayajenga upya, kama mtunzi anayejibizana na mtunzi mwenzake.

Alizaliwa mwaka 1947 huko Skalica, magharibi mwa Slovakia. Angali mdogo alipata masomo kwa mtunzi Ján Cikker, kisha akaingia konsevatori ya Bratislava kusomea piano, ogani na utunzi, lakini hakumaliza. Roki ilishamvuta. Akiwa na bendi ya Prúdy, pamoja na mwimbaji Pavol Hammel, alishiriki kwenye santuri ya Zvoňte, zvonky ya mwaka 1969, na mwaka huohuo akaanzisha kundi lake mwenyewe. Kwenye besi alikuwa Fedor Frešo, aliyetokea bendi ya The Soulmen, na kwenye dramu Dušan Hájek.

Jina walilolichagua lina historia. Katika miji ya Wajerumani, collegium musicum kilikuwa kikundi cha wanafunzi na raia waliokutana kupiga muziki nje ya kanisa na ikulu. Cha Leipzig kilianzishwa na mtunzi Telemann mwanzoni mwa karne ya 18, na kuanzia mwaka 1729 kikaongozwa na Bach, ambaye maonyesho yake yalifanyika kwenye mkahawa wa kahawa. Muziki mzito, mahali pa watu wa kawaida. Sioni maelezo bora zaidi ya kazi ya Varga.

Na mji wenyewe ulimsaidia. Bratislava, iliyoitwa Pressburg zamani, ndiko alikozaliwa mtunzi Hummel, ndiko mtunzi Liszt alikopiga piano hadharani mwaka 1820 akiwa na miaka 9, na ndiko mtunzi Bartók alikosoma shule. Haydn, mtunzi wa karne ya 18, alizaliwa Rohrau, kijiji cha Austria kilicho karibu na hapo. Kwa kijana aliyekulia kwenye muziki mjini humo, hawa walikuwa majirani. Kwa hiyo rekodi fupi ya bendi ya mwaka 1970 inabeba heshima kwa Bach, na santuri yao ya kwanza ina Concerto in D, iliyojengwa juu ya konseto ya Haydn, yaani kazi ya ala moja ikijibizana na okestra.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu ogani ya Hammond, ogani ya umeme aliyoipiga Varga, maana bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini Haydn anakaa vizuri ndani ya roki. Ndani yake kuna magurudumu madogo ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku, na kila gurudumu huzaa sauti yake. Juu ya vibonyezo kuna vijiti tisa vya kuvuta. Ukivuta hiki na kusukuma kile, unachanganya sauti hizo na kubadili rangi ya noti, kama afanyavyo mpiga ogani wa kanisani. Kibonyezo hakijali umekigonga kwa nguvu au kwa upole: sauti ni ileile, na ukubwa wake unaongozwa kwa mguu. Mpiga piano hulalamikia jambo hili. Lakini ndiyo hali ya ogani aliyoizoea Bach, ambako mpigaji hujieleza kwa urefu wa noti, kwa nafasi kati ya noti na noti, na kwa namna sauti kadhaa zinavyopishana. Varga aliyesomea ogani alikuja na nidhamu hiyo tayari mikononi.

Kilele, kwa maoni yangu, ni Konvergencie ya mwaka 1971, santuri mbili zenye pande nne, na kila upande ni kazi moja ndefu. Hapo gitaa analo František Griglák, ambaye baadaye alianzisha bendi ya Fermata. P.F. 1972 ina kwaya ya watoto. Herufi hizo P.F. ndizo watu wa Chekoslovakia, nchi ambayo Slovakia ilikuwa sehemu yake wakati huo, walizoandika kwenye kadi za kutakiana mwaka mpya. Piesne z kolovrátku inaimbwa, na Eufónia ni fujo iliyopangwa, ngumu kwa msikilizaji mgeni. Sikuanzishi hapo.

Anza na Suita po tisíc a jednej noci. Chanzo chake ni Šeherezada ya Rimski-Korsakov ya mwaka 1888, yaani zile hadithi tunazozijua sisi kwa jina la Alfu Lela Ulela. Katika kazi ya Rimski-Korsakov, Sultani ana mahadhi yake mazito ya shaba, na msimulizi ana fidla moja nyembamba inayomjibu. Okestra nzima ya rangi zile, Varga anaikabili kwa vibonyezo, gitaa, besi na dramu. Hawezi kuiga rangi, na hajaribu. Anashika mifupa ya mahadhi, anawapa Hájek na Frešo mdundo wa kuyasukuma, kisha anaondoka nayo. Aliyewahi kusikiliza taksim, ule ubunifu wa papo hapo wa mpigaji mmoja, katika taarabu ya Unguja atatambua tabia hiyo mara moja: mpigaji anatangatanga, lakini nyumbani anapajua.

Nyakati zenyewe hazikuwa rahisi. Majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, yaliingia Chekoslovakia Agosti 1968, na miaka iliyofuata serikali ilibana sanaa, roki ikiwemo. Naamini muziki usio na maneno ulimpa mkaguzi wa serikali kitu kidogo sana cha kushika, ingawa itakuwa kumdhulumu Varga kusema alimkimbilia Haydn ili kujificha. Mapenzi yake kwa muziki ule yalikuwa ya zamani kuliko vifaru.

Bendi ilifika mwisho wake mwaka 1979, baada ya santuri ya On a ona. Varga akaendelea peke yake jukwaani, akibuni muziki papo hapo mbele ya watu, jambo ambalo Bach na Mozart walisifiwa kwalo enzi zao na ambalo wapiga piano wengi wa kumbi za leo wameliacha. Alifariki Bratislava tarehe 9 Agosti 2017. Ukishaizoea Suita, nenda kwenye Concerto in D, na kabla yake sikiliza Haydn mwenyewe, ili usikie ni noti zipi Varga alizibakiza na wapi alifungua mlango.