Sarafu ya Jukiboksi Haikuwa Tuzo ya Msanii

Hapa Unguja, aliyeguswa na ubeti wa taarab huinuka kitini, akacheza taratibu hadi mbele na kumtunza mwimbaji noti mkononi, na ukumbi mzima ukajua kwamba ubeti ule ni wake au amemlenga mtu. Kwa mazoea hayo, wengi hudhani kwamba sarafu iliyotumbukizwa katika jukiboksi, ile mashine ya kupiga santuri, nayo ilimfikia msanii. Sivyo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimpa mtunzi senti 2 kwa kila nakala ya wimbo wake iliyotengenezwa, lakini iliruhusu mashine za sarafu zipige wimbo huohuo bila ya malipo, mradi ukumbi hautozi kiingilio. Msamaha huo uliondolewa na sheria ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika 1978. Kwa karibu miaka 70, basi, wimbo uliweza kupigwa usiku kucha na mtunzi asipate hata senti moja ya sarafu zile, na mimi naona hiyo ilikuwa dhulma.

Dhana nyingine ni kwamba mashine hizi zilizaliwa pamoja na rokenroli katika miaka ya 1950, na jina la Rock-Ola, chapa mojawapo ya jukiboksi, hutolewa kuwa ushahidi. Jina hilo ni la David Rockola, mfanyabiashara wa Chicago, ambaye kampuni yake ilitengeneza jukiboksi tangu miaka ya 1930.

Wala mashine ya kwanza haikuujaza ukumbi sauti. Ile aliyoiweka Louis Glass katika baa moja ya San Francisco tarehe 23 Novemba 1889 ilikuwa fonografu ya Edison yenye mirija minne, kila mmoja na tundu lake la sarafu ya senti 5, na asiyetia mrija sikioni hakusikia kitu. Mteja hakuwa na la kuchagua pia. Mwaka 1927, mwaka mmoja kabla ya Siti binti Saad kurikodi santuri zake Bombay, kampuni ya AMI ilitoa mashine iliyokuza sauti kwa umeme na kumwachia mteja achague wimbo. Hapo ndipo jukiboksi ilipokaribiana na taarab yetu: mwenye kinyongo aliweza kutumbukiza sarafu, akarudi kitini kimya, na wimbo ukamsemea mbele ya wote.